Mchanga Uliopigwa Mshazari

Mpaka leo nikisikia mtu anasema mjomba alikuwa na mkono mzito, naacha ninachofanya namgeukia. Namwambia akae nimweleze habari ya chuma na mchanga. Wengine hukaa. Wengine hukumbuka ghafla kwamba wana safari.

Mjomba si ndugu yangu wa damu. Alikuwa fundi mkuu kwenye karakana iliyo kando ya maji, kwenye njia ya kwenda Mbegani, ambako tunatoa kutu na kupaka rangi vitu vya chuma: matangi, mageti, maboti, na mara moja moja tishari, yaani kile chombo bapa kisicho na injini kinachovutwa kubebea kokoto na saruji. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo fundi," akaitikia, "Marahaba, mpwa wangu." Ukishaitwa mpwa huna tena la kuchagua.

Niliajiriwa kuanika mchanga. Usicheke, ni kazi. Mchanga wa ufukweni una chumvi, ukiupiga kwenye chuma kesho yake kutu imerudi, kwa hiyo tunaletewa wa mtoni kwa lori. Unautandaza juu ya turubai kama mpunga, unaugeuzageuza jua lote, unauchekecha, ndipo unamiminwa kwenye pipa lililounganishwa na kompresa. Hewa inausukuma kwenye mpira mnene hadi kwenye nozeli, na unapotoka pale mdomoni unatoka kwa nguvu ya kung'oa rangi ya miaka. Chuma kilichopigwa vizuri kinabaki kijivu, kisafi, kama samaki aliyeparwa magamba sasa hivi.

Mimi nilikuwa naipenda kazi ile, Mungu anajua. Niliishia kidato cha nne, na fizikia ilinikataa kwenye karatasi ingawa mimi sikuwahi kuikataa. Nilikuwa nachota mchanga kiganjani najiuliza hii punje moja inafanya nini hasa ikifika kwenye chuma. Inachimba? Inakwaruza? Inapasuka? Wenzangu walisema nina ndoto za mchana. Kweli ninazo, na za mchana ndizo nzuri, unaziona vizuri.

Sasa nieleze habari ya uso, maana kila kitu kilianzia hapo.

Ukisimamisha nozeli wima, ikatazama chuma uso kwa uso, mchanga ukigonga unakurudia wewe. Unakuja kifuani, shingoni, machoni. Kwa hiyo mpigaji anatakiwa avae kofia maalumu, ile inayofunika kichwa chote hadi mabegani, yenye kioo mbele na bomba la kuletea hewa safi. Karakana yetu haikuwa nazo. Mjomba alikuwa na moja kuukuu, aliyopewa na bwana mmoja alipofanya kazi bandarini Dar, kioo chake kimechakaa kwa mchanga hata huoni kitu. Sisi wengine tulijifunga fulana puani, na machoni tukaweka kipande cha plastiki tulichokikata kwenye dumu la mafuta ya kula. Siku mbili tatu plastiki inakuwa kama ukungu, unakata nyingine.

Kwa hiyo wapigaji wote walikuwa na ujanja mmoja: kulaza mkono. Ukiishika nozeli mshazari, mchanga unagonga na kuruka kule mbele, haukurudii. Tena rangi inatoka upesi. Tuliona tumepata njia. Mjomba peke yake hakuupenda ujanja ule. Yeye alisimamisha mkono karibu na wima, akafumba nusu macho, akapiga kidogo na kusogea, kidogo na kusogea. Ukimuuliza kwa nini, hakuwa na maelezo. Alisema tu, "Chuma kinalalamika ukilaza. Sikiliza mlio wake."

Kofia tuliiomba kwa bosi. Hapo ndipo penye hasira yangu, na inabidi nikueleze bosi alivyo, la sivyo utafikiri ni mtu mbaya wa kuogopwa. Si hivyo. Ni mtu wa kuchekesha, mkarimu wa chai, anayejua jina la mama wa kila mtu. Yeye Mzaramo, mimi baba yangu Mnyamwezi aliyekuja pwani kufundisha shule ya msingi. Kwa hiyo sisi ni watani. Mtani anaweza kukuambia lolote, na utani una sheria yake: ukikasirika, umeshindwa.

"Bosi, shikamoo."

"Marahaba, mtani. Umekuja kudai mzigo wa babu yako?"

"Nimekuja kwa habari ya kofia."

"Kofia?" Akageuka kwa wenzangu ili wasikie. "Babu yake huyu alitembea kutoka Tabora mpaka Bagamoyo na pembe ya ndovu kichwani. Kofia yake ilikuwa ile pembe. Mjukuu anaogopa mchanga."

"Alitembea kweli," nikasema, "na alipofika aliwakuta nyie wenyeji mmelala, ikabidi awaamshe."

Watu wakacheka, bosi akacheka zaidi ya wote, akanipiga begani, akaenda zake. Na mimi nikacheka. Nilirudi kwenye turubai langu nimefurahi kabisa, nimeshinda utani, na nilikuwa nimefika karibu kumaliza kuchekecha ndipo nikakumbuka kwamba kofia sikupata.

Tulimwomba hivyo mara nyingi. Kila mara kulikuwa na kichekesho kipya, na kila mara tuliondoka bila kofia, tena tukiwa tumechangamka. Sijui kama umewahi kudhulumiwa huku unacheka. Inachukua muda mrefu sana kujua kwamba umedhulumiwa.

Jicho la kushoto la mjomba lilianza kuwa jekundu. Zahanati wakampa dawa ya matone. Likatulia, likarudia, halafu katikati pakaingia kitu cheupe kama tone la maziwa. Ndipo akawa ananipa nozeli mimi, kidogo kidogo, yeye akisimama nyuma yangu. Nilifurahi mno. Nilituma picha kwa mama nikiwa nimeshika mpira, kichwa kimefungwa fulana, kama jambazi.

Ilipokuja ile tishari tulikuwa tumeshazoeana hivyo. Bosi alitaka kazi iishe upesi. Mjomba alipiga ubavuni kwa jicho moja, mimi nikapewa sehemu ya mbele, pale mabamba yanapopinda kwenda chini. Nilianza kwa kusimamisha mkono kama alivyonifundisha. Punje zikanirudia zikapenya chini ya plastiki, nikapiga kelele, nikaachia.

"Simamisha, mpwa," akasema.

"Mjomba, unanipiga machoni."

Aliniinua kidevu akanitazama kwa lile jicho zima, akanipulizia mchanga kwenye kope. Kisha akasema polepole, "Basi laza. Laza mkono. Macho hayauzwi dukani."

Nikalaza. Siku zote zilizobaki nilipiga sehemu ile mshazari, na pale kutu ilipokuwa kaidi nilikaa mahali pamoja muda mrefu. Uso wangu ulibaki salama. Nilikuwa naimba.

Mwenye tishari alileta mkaguzi kutoka Dar, dada mmoja mwenye kilemba na buti za kazi. Alikuwa na kipimo kidogo kama simu, alikipaka mafuta mazito, akakigusisha kwenye chuma, kikamwambia unene wa bamba. Kila alipopima aliandika namba kwa chaki palepale. Ubavuni namba zilikuwa zinafanana. Alipofika mbele zikaanza kushuka. Akarudia. Zikashuka vilevile.

"Hapa pameliwa," akasema. "Pameliwa sana. Mabamba haya hayafai kwenda majini."

Bosi hakuuliza nani alipiga pale. Alimgeukia mjomba mbele yetu sote, na sisi tulikuwa watu saba, na kwa mara ya kwanza niliona uso wake hauna kichekesho.

"Mzee, mkono wako umekuwa mzito. Huoni. Unang'ang'ania mahali pamoja mpaka unatoboa chombo cha watu. Kapumzike nyumbani."

Mjomba alinitazama mara moja, haraka, kisha akatazama chini. "Sawa," akasema. Akachukua kikoi chake na ile kofia yake isiyoonesha, akaondoka kwa njia ya nyuma, inayopita kwenye mikoko.

Na mimi nilikuwa nimesimama na chekeche mkononi. Sikusema kitu. Niandike hivyo hivyo bila kupamba: sikusema kitu. Mtu aliyetetea macho yangu alifukuzwa kwa sababu ya kuyatetea, na mdomo wangu ulikuwepo, mzima.

Nilimfuata mkaguzi bombani alipokuwa ananawa mafuta. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na swali moja tu, lile la tangu kwenye turubai.

"Dada, samahani. Mchanga ukipiga wima na ukipiga mshazari, upi unakula chuma zaidi?"

Akafunga bomba. "Nani kakutuma uniulize hivyo?"

"Hakuna. Nawaza tu."

Alinitazama kama anayepima unene wangu. Kisha akachuchumaa, akasawazisha mchanga wangu uliochekechwa, uliokuwa hapo kando. Akasema chuoni kwao walikuwa na mashine inayonyonya hewa yote kutoka ndani ya chungu cha chuma, halafu mle ndani inafyatua ioni zikapige kipande cha metali.

"Ioni ndiyo nini?"

"Hujasoma fizikia?"

"Nimesoma. Yeye ndiye hakunisoma mimi."

Akacheka. "Ni chembe ndogo mno, punje moja ya mchanga wako ni mlima kwake. Imenyang'anywa umeme kidogo, kwa hiyo ukiivuta kwa umeme inakimbia kama risasi. Sasa angalia." Akachomeka kidole wima mchangani. "Ikipiga hivi inazama. Nguvu yake inaishia chini huko, chembe za metali zinazong'oka juu ni chache." Akakiingiza kidole kwa mshazari, mchanga ukaruka mbele ukanifikia miguuni. "Ikipiga hivi, nguvu inabaki hapa juu, kwa hiyo zinang'oka nyingi. Lakini ukilaza kupita kiasi," akapitisha kidole kikiparaza tu, "inateleza na kwenda zake, haing'oi kitu."

"Na mchanga ni hivyo hivyo?"

"Mchanga si ioni. Mchanga unalima. Umeshika jembe wewe? Ukilichoma wima linadidimia, ukiliinamisha linaparua udongo mwingi. Kwa chuma laini kama hiki sababu ni nyingine ila mwisho wake unakaribiana. Wima huliwa kidogo, mshazari sana, ukilaza kabisa hakuna kitu."

Nilifikiri nimefurahi, maana nilikuwa nimelisubiri jibu lile miaka. Haikuwa furaha.

"Kwa hiyo si mkono wa mzee," nikasema. "Ni pembe. Na pembe ni kwa sababu ya kofia."

"Mimi naandika unene tu," akasema, akinyanyuka. "Sababu siandiki bila ushahidi. Alhamisi narudi na mwenye tishari."

Kesho yake jioni nilikwenda kwa mjomba. Alikuwa amekaa barazani anasuka kamba ya mnazi kwa kupapasa. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikasema, "Mjomba, pale mbele nilipiga mimi."

"Najua. Nilikuwepo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba nilimwambia mtoto alaze mkono asipofuke? Hilo si kosa, mpwa. Siwezi kulitaja mbele ya watu kama kosa."

Mkewe, kutoka ndani, akasema mzee alikwenda asubuhi ile kwenye karakana nyingine mjini kuulizia kazi. Walimpa kiti na maji. Wakamwambia wamesikia siku hizi mkono umekuwa mzito. Siku moja tu, habari ilikuwa imeshamtangulia. Mjomba akasema, "Wewe mwanamke, acha," lakini kamba ilikuwa imesimama mikononi mwake. Amepiga chuma tangu kabla sijazaliwa, na lililobaki kwa watu lilikuwa neno hilo moja.

Nilirudi nyumbani nalia kwa hasira, na nikiwa na hasira mimi huwa nafanya kazi za mikono.

Nilikata bamba moja la chakavu vipande vinne sawa. Nikavitia alama kwa tupa: mkato mmoja, miwili, mitatu, minne. Nikavipeleka mjini kwa sonara, mzee mpole anayepima vipini na hereni kwa mizani ndani ya sanduku la kioo, nikamwomba anipimie chuma. Aliuliza kama kuna mtu anataka kuchumbiwa kwa bamba. Lakini alipima, akaniandikia kwenye karatasi.

Jumatano wenzangu walipokwenda kula, niliwasha kompresa. Nozeli niliifunga kwenye benchi kwa vibano, mimi nikajificha nyuma ya bati. Kipande cha kwanza nikakiweka wima mbele yake, nikahesabu hadi mia. Cha pili nikakiinamisha kidogo, nikahesabu hadi mia. Cha tatu nikakiinamisha sana, mchanga ukawa unaparua. Cha nne nikakilaza hata mchanga ukawa unapita juu yake kama upepo. Mchanga uleule, hewa ileile, umbali uleule. Nilipovipangusa, cha tatu kilikuwa na bonde ambalo kidole kilizama.

Sonara alivipima tena bila mzaha safari hii. Cha kwanza kilipungua kidogo. Cha pili zaidi. Cha tatu kilipungua karibu mara mbili ya kile cha wima. Cha nne karibu kilikuwa kama alivyokipokea. Akavua miwani. "Binti, hiki cha tatu umekifanya nini?" Nikamwambia, "Nimekipiga kama nilivyofundishwa na umaskini wa vifaa." Alinifungia vyote kwenye gazeti.

Alhamisi wote walikuwepo: mwenye tishari, mkaguzi, bosi, na sisi. Niliweka lile gazeti juu ya meza ya chai nikalifungua.

"Haya," bosi akasema, "Mnyamwezi ameshusha mzigo. Pembe ni ndogo mwaka huu."

Watu wakaanza kucheka. Mimi pia mdomo ulitaka kucheka, kwa mazoea.

"Shikamoo bosi," nikasema. "Leo utani nimeuacha nyumbani. Leo nazungumza na wewe kama mtu baki."

Hakuna anayemwambia mtani wake maneno hayo. Ni kama kumrudishia mtu zawadi mbele ya wageni.

Nikaeleza. Nilionyesha kipande kimoja kimoja na karatasi ya sonara. Nilisema sehemu ya mbele nilipiga mimi, si mjomba. Nilisema nililaza mkono kwa sababu nikisimamisha napofuka, na kwamba mjomba aliyesimamisha kwa miaka yote ile, ndiye huyo jicho limeingia maziwa. "Alilinda chuma chako kwa jicho lake," nikasema. "Mara moja tu alichagua jicho la mtu badala ya chuma, ukamwambia mkono wake mzito."

"Kwa hiyo nikufukuze wewe?" bosi akasema. Hakuwa anatania.

"Nifukuze. Lakini kabla ya kumpa mtu mwingine mpira huu, mnunulie kofia."

Mkaguzi alikuwa amekishika kile kipande cha tatu, anakipitisha kidole bondeni. "Hili naliandika," akasema. Mwenye tishari, mtu mnene asiyependa maneno, alitazama benchi, kuta, misumari ya kutundikia vitu. "Kofia ziko wapi?" akauliza. Jibu la bosi kwa swali lile siku zote lilikuwa kichekesho, na vichekesho nilikuwa nimevifungia mlango.

Walimpigia mjomba simu. Alikuja amevaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Alhamisi. Bosi akamkaribisha kwa mikono miwili. "Mzee wetu, njoo. Tumegundua kumbe mkono wako mwepesi kama wa bibi harusi."

Wengine wakacheka kwa nafuu. Mjomba hakucheka.

"Uliponiambia mzito hukutania," akasema. "Walikuwepo hawa saba. Wapo tena. Niambie kama ulivyoniambia siku ile."

Nilimwona bosi akitafuta mzaha na kuukosa. Mwishowe akasema, wazi, kila mtu akasikia, "Mzee hukukosea. Mkono wako hauna tatizo. Nilikosea mimi, sikununua vifaa."

"Sawa," mjomba akasema. Ni neno lilelile alilosema alipofukuzwa.

Ungefikiri hapo hasira yangu iliisha. Ilikuwa inaanza. Palepale bosi alimtuma dereva Dar. Alasiri, kabla hata sijaanua mchanga, dereva alirudi na kofia mbili mpya ndani ya maboksi, vioo vinang'aa, mabomba ya hewa yamekunjwa vizuri kwenye nailoni. Zilikuwa dukani siku zote. Nusu siku. Miaka yote ile ya fulana na madumu ya mafuta, miaka yote tuliyocheka, kofia ilikuwa mbali nasi nusu siku.

Mjomba aliipapasa moja, akaigeuza upande wa jicho zima. La kushoto halikurudi, sasa linaona mwanga tu na kivuli. Hakuivaa. Alinivika mimi, akafunga kamba chini ya kidevu, akanigonga kwenye kioo mara mbili kama anayebisha hodi.

"Unanisikia?"

"Nakusikia, mjomba."

"Sasa simamisha mkono."